Ulezi Ulioshika Chini

Katika upishi wa mbege, ndizi hazisumbui. Ndizi mbivu hutokota kutwa ndani ya maji tele hadi zigeuke rangi ya udongo mwekundu, na anayezilinda anaweza kumenya njegere huku sikio lake likiwa kwenye mchemko. Kazi iko kwenye ulezi. Ulezi hulowekwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa. Unga huo wa kimea hupikwa uji kwenye sufuria ya peke yake, ukatiwa msesewa, lile gome chungu linaloipa mbege ukali wake, kisha ukaachwa upoe ndipo uchanganywe na ndizi zilizokwisha kuchacha. Uji huo ndio unaoshika chini, na ukishika huharibu kinywaji na chombo kwa mara moja.

Kinywaji kilichoharibika kina dawa: unapika kingine. Chombo ni habari nyingine, hasa kikiwa cha kuazima.

Chetu kilikuwa cha kuazima. Tulikuwa Kibosho, nyumbani kwa wakwe zangu, mwezi wa Desemba, wakati ambao Wachaga waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hupanda mlimani kwa mabasi yaliyojaa hadi mlangoni. Binti yetu alikuwa amepata kipaimara na ukoo mzima ulitaka kumpongeza. Shughuli ya namna hiyo bila mbege, wazee wa kule huihesabu kuwa ni kikao tu. Mama mkwe akasema mbege ataipika mwenyewe kwa ndizi za kihamba chake. Kilichopungua ni sufuria ya kutosha uji wa watu wote wale, na kwa ajili hiyo akatumwa mtoto kwa mtunza vyombo wa jumuiya.

Akina mama wa jumuiya wana masufuria, mabeseni, sahani, mabenchi na turubai, vyote vimenunuliwa kwa michango ya miaka mingi, na mtunza vyombo ana daftari. Humo anaandika nani kachukua nini, lini, na kikiwa katika hali gani. Sufuria kubwa kuliko zote, ya alumini nzito, yenye masikio mawili yanayotaka watu wazima wawili, alitukabidhi baada ya kuigonga kwa kifundo cha kidole na kutusikilizisha mlio wake.

"Mlio huu ndio nitakaoutaka ikirudi," alisema.

Nilimpenda hapo hapo. Vitu vya wengi huharibika upesi kwa sababu kila mmoja hudhani mwenzake anavitazama. Pale yupo anayetazama, sufuria hupika kipaimara cha mama, ikaja kupika na cha binti.

Siku ya ulezi anga lilikuwa jeupe tangu alfajiri. Mama alipanga mafiga makubwa nyuma ya nyumba, akawasha kuni za mgrevilea na matawi makavu ya mikahawa iliyopogolewa. Nje ya sufuria alipaka tope jepesi lililochanganywa na majivu ili masizi yasigande. Unga aliukoroga kwa maji baridi kwanza, mpaka bonge la mwisho likapotea, ndipo akaumimina kwenye maji yaliyokwisha kupata moto. Mwiko akampa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kwa kuwa uji wa wingi ule unataka mabega. Akamwonyesha mwendo wake: ncha iguse chini, ipite katikati, ipite pembeni, isisimame.

Sufuria yenyewe ilikuwa na kasoro ya zamani. Kitako chake kilikuwa kimebonyea upande mmoja, pengine iliangushwa juu ya jiwe miaka ya nyuma, na bonyeo hilo lilitokeza ndani kinundu kidogo. Kuzunguka kinundu pakawa na kijimfereji ambacho mwiko wenye ncha ya mviringo haukifikii. Nilikigusa kwa kidole wakati wa kuiosha kabla ya mapishi. Mama naye alikijua, ndiyo maana alisisitiza mkono usisimame.

Mvua ya mlimani haibishi hodi. Ilishuka kutoka juu msituni ikiwa na upepo wake, na baba mkwe akaita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake. Kahawa! Kahawa yake ya mwisho wa msimu ilikuwa juu ya vichanja, imekaribia kukauka, na kahawa ikilowa katika hatua hiyo hupoteza daraja na bei yake. Tulikimbia sote, watoto kwa watu wazima. Shemeji naye alikimbia, kwa kuwa kahawa ile ndiyo ada ya shule ya wadogo zake. Nyuma yetu upepo uliusukuma moto wote chini ya upande mmoja wa sufuria, ule ule wenye bonyeo.

Uji wa kimea hauhitaji muda mrefu kuungua. Wanga wa nafaka huvimba na kuanza kushikana maji yakifika nyuzi joto 60 na kitu. Kuanzia hapo uji hauzunguki tena wenyewe, wa chini haupandi na wa juu haushuki. Maji yakiwapo, joto la chini haliwezi kupita kiwango cha mchemko, ambacho kule mlimani kiko chini kidogo ya nyuzi 100. Yakikauka kwenye tabaka la chini, joto hupanda bila kizuizi, na likipita nyuzi 150 sukari inageuka kahawia, kisha nyeusi, kisha mkaa. Kimea nacho kina sukari nyingi kuliko unga wa kawaida, kwa sababu kuchipua kwenyewe ni kuugeuza wanga kuwa sukari. Ndiyo maana mtu anayejua kupika uji wa mahindi kwa macho yaliyofumba bado ataunguza ulezi wa mbege.

Harufu ilitufikia tukiwa tumekumbatia magunia. Mama aliitambua kabla yetu. Alirudi kwa haraka ambayo umri wake hauiruhusu, akanyoosha mkono kumzuia mwanawe aliyekwisha kushika mwiko.

"Usikoroge! Toa kuni. Usiguse chini!"

Agizo hilo lina maana kubwa, na ningependa kila mpishi wa shughuli alishike. Uji ukishika, ulioungua ni tabaka la chini peke yake. Ukikoroga unalivunja na kulitawanya, na harufu inaingia kila mahali. Ukiacha, ukachota ulio juu kwa kata bila kufika chini, mara nyingine unaokoa nusu na zaidi. Tulichota. Mama alionja, akanyamaza, akampa baba mkwe naye akaonja. Moshi ulikuwa umekwisha kupanda. Uji wote ukapewa nguruwe wa jirani, nao hawakulalamika.

Kimea kingine hakiwezi kuchipuzwa kwa usiku mmoja. Mume wangu aliteremka Moshi mjini, soko la Mbuyuni, akanunua unga wa kimea kwa mama mmoja aliyeapa kuwa ni ulezi mtupu, na kweli ulikuwa ulezi mtupu. Uji wa pili ulipikwa kwa mafungu kwenye masufuria ya nyumbani, ukapoa, ukaungana na ndizi. Mbege ikaumuka vizuri. Habari ya kinywaji inaishia hapo, maana iliyotushika sisi ni ya sufuria.

Tuliigeuza ikiwa bado vuguvugu. Ukoko ulikuwa na upana wa sinia, mnene kuzunguka kinundu na ukipungua kuelekea ukingoni. Ukingoni ulikuwa kahawia, uling'ara na kunyanyuka kwa ukucha. Ndani zaidi ulikuwa mweusi usiong'aa, wenye vijitundu vidogo ambamo mvuke wa mwisho ulitokea. Katikati kabisa haukuwa tena chakula, ulikuwa mkaa uliokamatana na chuma, na kisu kilipopitishwa juu yake kilitoa mlio mkavu bila kuacha alama. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu ukoko wa wali hugombewa na watoto, na aliyesimamia chungu huwekewa fungu lake. Ule wa Kibosho haukuwa wa kugombewa na mtu.

Vijana ndio walioanza. Walichukua stiliwaya na mchanga wa mfereji, wakasugua kwa zamu huku wakiimba. Ukoko wa ukingoni ulitoka wote na sifa zikawa zao. Wa katikati haukusogea, ila pembeni yake alumini safi ilianza kuonyesha mikwaruzo, mistari mirefu iliyopindana, na mingine ya kina cha kuhisiwa kwa kidole. Mama aliwasimamisha. Sababu aliyotoa ilikuwa ya mpishi: palipokwaruzwa ndipo uji wa kesho utakaposhika kwanza, kwa kuwa wanga huingia kwenye mikwaruzo na kupata pa kujishikiza. Sufuria iliyosuguliwa kwa hasira huungua kirahisi kuliko ilivyokuwa, na inayoungua kirahisi husuguliwa zaidi, mpaka kitako kinakuwa chembamba na kutoboka.

Usiku ule wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliifunika sehemu iliyoungua kwa majivu ya jikoni na magadi, akamimina maji ya moto akaiacha hadi asubuhi. Ni njia ya kuheshimika. Majivu yamekata mafuta ya vyungu vya bibi zetu tangu kale, na magadi, yale yanayovunwa kutoka maziwa ya chumvi kama Natron upande wetu na Magadi upande wa Kenya, hulainisha maharage magumu na kung'oa uchafu mwingi. Asubuhi ukoko ulikuwa umelegea kweli. Lakini sufuria yote ilikuwa imeingia weusi, weusi wa kijivu uliotanda hadi pale maji yalipofikia, ukiwa na mstari ulionyooka juu yake.

Wifi alikaa kwenye kigoda akaitazama muda mrefu. "Mama, nimeiharibu ya watu," alisema.

Hapo ndipo baba mkwe, aliyekuwa anapanga magunia yake ya kahawa, aliposogea. Alifundisha kemia shule za sekondari hadi alipostaafu, na nyumbani bado wanamwita Mwalimu. Akasema haijaharibika, na weusi ule hauna sumu. Alumini huvaa ngozi nyembamba mno inayojitengeneza yenyewe ikigusana na hewa, na ngozi hiyo ndiyo inayoilinda. Majivu na magadi ni vitu vya alikali, kinyume cha asidi. Alikali huila ngozi ile, na kinachobaki juu ya chuma ndicho kinacholeta weusi. Ndiyo maana sufuria ya alumini iliyopikiwa maharage kwa magadi hutoka imefifia, na iliyopikiwa nyanya hutoka imetakata. Nyanya ina asidi, nayo huuondoa ule weusi.

"Majivu yaoshe chungu cha udongo na kikaango cha chuma," alisema. "Alumini ipeni ndimu."

Shemeji alikuwa ameondoka wakati wa mafundisho haya. Alirudi kutoka kwa mama mmoja anayetengeneza sabuni akiwa na kopo la kostiki soda na uso wenye matumaini, kwani aliubeba mzigo wa mwiko peke yake tangu jana ingawa hakuna aliyemlaumu. Kostiki, aliambiwa, hung'oa ukoko wowote duniani.

Mwalimu hakumfokea. Aliomba mfuniko wa zamani wa alumini uliokuwa umetupwa nyuma ya banda, akauweka juu ya jiwe mbali na watoto, akavaa glavu za plastiki za kupulizia dawa ya mikahawa, akayeyusha chembe chache kwenye maji na kudondosha tone. Tulisimama upande unakotoka upepo. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha vipovu vidogo vikatokea kwenye ukingo wa tone, vikaongezeka, tone zima likachemka bila moto na kugeuka kijivu, na mfuniko ukapata joto chini yake. Alipousuuza tukaona mahali pa tone pamekuwa kidoa kilichofifia chenye kishimo.

"Hii hewa inayotoka ni haidrojeni, inashika moto," alimwambia mwanawe. "Ungeimwaga kopo zima mle ndani na kuni zikiwaka pembeni, leo tungekuwa na maneno mengine. Na ikikurukia jichoni, jicho limekwenda."

Shemeji alilirudisha kopo mwenyewe. Nimeona nyumba ambamo kostiki hukaa kwenye chupa ya maji ya kunywa, rafu moja na chumvi, na tangu siku ile siwezi kuipita chupa ya namna hiyo bila kumwomba mwenye nyumba aihamishe.

Mwalimu akishapata wanafunzi hawaachii upesi. Alituambia kuwa sufuria hii tunayoigombania ingekuwa mali ya wafalme kama ingetengenezwa kabla ya mwaka 1886. Alumini iko tele ardhini lakini imeshikamana na oksijeni kwa nguvu, na kabla ya hapo kuitenga kuligharimu sana. Mwaka ule Charles Martin Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa, bila kufahamiana, wakagundua njia ile ile ya kuitenga kwa umeme. Wote wawili walizaliwa mwaka 1863 na wote wakafariki mwaka 1914. Alilisema hili la mwisho kwa furaha ya mtu aliyelitunza kwa miaka, na mimi nililipokea kwa furaha hiyo hiyo.

Ndimu za mlimani siku hizo zilikuwa ghali na sufuria ilizihitaji nyingi. Mama ndiye aliyetoa suluhisho, nalo lilikuwa limekaa uani wakati wote: machicha. Ndizi za mbege zikishachacha huchujwa, na nyuzi na nyama zinazobaki hupewa ng'ombe. Machicha hayo ni makali ya kukunja uso, maana uchachu wa mbege wenyewe ni asidi. Mama akaagiza ndoo mbili za machicha mabichi na maji kidogo ya moto. Tuliyajaza hadi kuufunika ukoko na kuupita ule mstari wa weusi, tukafunika kwa majani ya migomba.

Kesho yake alikataa stiliwaya kuingia uani. Alichonga kipande cha mti laini, ubapa wa vidole vinne, ukingo wake umenyooka, akauloweka kwanza ili usiwe mgumu kuliko inavyotakiwa. Kazi ya kukwangua akanipa mimi na wifi. Nilianzia kwenye ukingo ambapo ukoko ulikuwa umenyanyuka, nikauingiza ubapa chini yake kwa pembe ndogo, nikasukuma taratibu. Uliinuka vipande vya ukubwa wa sarafu, kahawia juu, vyeusi chini, na chini ya kila kimoja alumini ilikuwa nyeupe. Weusi wa magadi nao ulikuwa umeondoka karibu wote. Tulikwangua mpaka ubapa ukaanza kuteleza bila kuinua kitu, tukamwaga, tukachemsha maji yenye maganda ya ndimu zile chache tulizokuwa nazo, tukaacha yapoe humo humo, tukakwangua tena. Ukoko uliogoma tuliulowesha upya badala ya kuongeza nguvu. Wifi, ambaye siku iliyotangulia alikuwa amekata tamaa, sasa alikuwa ananionyesha kila kipande kabla ya kukitupa.

Kijimfereji cha kinundu ndicho kilichobaki mwisho. Ubapa haukufika, kama mwiko ulivyoshindwa kufika. Mama alileta unyoya mnene wa kuku, akaukata ncha kwa mshazari na kutuonyesha namna ya kuupitisha mle ndani ukiwa umechovywa kwenye maji ya machicha. Ulipita. Nilimwuliza nani alimfundisha. Akasema mama mkwe wake, kwenye nyumba hii hii, kwa sufuria nyingine.

Sufuria ya wifi, ile aliyoileta kutoka Dar es Salaam ikiwa mpya, ilikuwa imeshika kidogo kwenye uji wa pili. Hiyo ni ya stenlesi, na hapa mafunzo yanageuka. Chuma cha stenlesi kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na ngozi inayotokana na kromiamu haiogopi magadi. Kwa hiyo kile kile kilichoitia weusi sufuria ya jumuiya ndicho kilichoiponya ya wifi: maji, magadi vijiko kadhaa, mchemko wa taratibu, ukoko ukajiachia. Adui wa stenlesi ni jiki, na chumvi iliyoachwa itulie chini kwenye maji baridi, maana kloridi hutoboa vijishimo visivyozibika. Nawasihi wanaoosha vyombo, tena kwa moyo wote: kabla ya kuuliza dawa gani, waulize chuma gani. Nimeona masufuria mazuri mno yakienda kwa wauza vyuma chakavu kwa sababu dawa njema iliwekwa kwenye chuma isichokifaa.

Kuna jambo jingine Mwalimu alilolikazia. Machicha yalikaa ndani ya alumini usiku mmoja kwa ajili ya kuosha tu. Mbege yenyewe haikai humo. Asidi inayong'arisha sufuria inafanya hivyo kwa kuchukua chembe za sufuria, na chembe hizo hazifai kunywewa na wageni. Mbege ya Mama huumukia kwenye pipa safi la chakula, na zamani ilikuwa kwenye vyombo vya mti.

Sherehe ya kipaimara ilipita vizuri. Binti yetu alikaa mbele na gauni lake, wazee walipokea kata kwa mikono miwili, wakaonja, wakatikisa kichwa kwa kukubali, na hakuna aliyesikia moshi. Baada ya sherehe tulibeba sufuria, mimi na wifi, kila mmoja na sikio lake, Mama akitangulia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba wanangu. Iwekeni hapo kwenye mwanga."

Mtunza vyombo aliigeuza juani. Aliipapasa ndani kwa kiganja chote, polepole, kuanzia ukingo kwenda katikati. Pale kwenye mikwaruzo ya vijana kiganja kilisimama. Mama hakumsubiri aulize. Alimweleza yote, mvua, kahawa, ukoko, mchanga, majivu, machicha, bila kumtaja aliyefanya nini, akisema kila mahali "sisi". Mtunza vyombo alisikiliza, kisha akapinda kidole na kuigonga. Mlio ulikuwa ule ule. Alifungua daftari akaandika: imerudi, mikwaruzo ndani, kitako kimebonyea. Kalamu yake ilipofika kwenye kitako akanyanyua uso.

"Hili bonyeo lilikuwapo?"

"Lilikuwapo, mama yangu."

"Kwenye daftari halimo." Alirudisha kurasa nyuma, akatafuta, akakubali kuwa aliyepokea kabla yake hakuandika. Hapo mazungumzo yakabadilika, nami nilifurahi kuwapo. Alisema hiyo ndiyo iliyoungua pia kwenye arusi ya mwaka uliotangulia na kwenye matanga kabla yake, na kila mara kosa liliwekwa kwa mwenye mwiko. Akauliza kwa nini jumuiya isinunue nyingine, na kama inunuliwe ya stenlesi inayong'aa kama ile ya wifi.

Nilisema ninachokiamini. Stenlesi ni nzuri na hudumu, lakini kwa uji mzito juu ya mafiga si chaguo langu. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 10 kuliko stenlesi, kwa hiyo moto ukikusanyika upande mmoja, alumini nene huugawa, ilhali stenlesi nyembamba huuacha pale pale ulipo na kuunguza hapo. Inayotufaa ni alumini nzito, kitako kinene na bapa kabisa, pamoja na mwiko wenye ncha iliyonyooka ya kufika kila pembe. Ya sasa ipelekwe kwa fundi ainyooshe kitako, ibaki ya kuchemshia ndizi na maji, ambako haina neno.

Mama akaunga mkono, na wifi akasema yeye atachangia wa kwanza kwa kuwa majivu yalikuwa yake. Mtunza vyombo alimwangalia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike, na kufungua ukurasa mpya. Juu yake aliandika "Sufuria ya ulezi", akapiga mstari, akaandika jina la wifi, akauliza ni shilingi ngapi.